Kabla Mgonjwa Hajatia Saini: Barua ya Wazi kwa Wanaosimamia Huduma za Afya

Waheshimiwa mawaziri wa afya, wakurugenzi wa hospitali, viongozi wa mabaraza ya madaktari na wauguzi, pamoja na wakuu wa vyuo vya tiba,

Nawaandikia nikiwa muuguzi wa wodi ya upasuaji, kazi niliyoifanya kwa miaka mingi kiasi cha kumtambua kwa macho tu mgonjwa anayejua anachokwenda kufanyiwa na yule asiyejua. Ombi langu ni moja, nami nitalieleza kwa urefu kwa sababu likifupishwa huonekana kama jambo ambalo tayari linafanyika. Naomba mgonjwa aonyeshwe njia zote za tiba zinazomfaa, aelezwe ushahidi wa faida na madhara ya kila moja kwa hesabu anazoweza kuzielewa, aulizwe ni lipi analolijali zaidi maishani mwake, na yote hayo yatangulie uamuzi. Fomu ya ridhaa, kama tunavyoitumia sasa, hufika wakati uamuzi umekwishapita.

Kuna mzee mmoja aliyeletwa wodini kwetu kupasuliwa tezi dume iliyovimba, uvimbe usio wa saratani, ule unaowapata wanaume wengi umri unaposonga. Asubuhi ya upasuaji alikuwa amekwishavalishwa gauni la thieta, meno yake ya bandia yamewekwa kwenye kikopo na miwani yake imo katika mfuko aliokabidhiwa mwanawe, ndipo ilipogundulika kwamba fomu yake haikuwa na saini. Nikaletewa faili, nami nikampelekea. Akauliza atie wapi, nikamwonyesha kwa kidole, akatia. Machela ilipoanza kusukumwa alinishika mkono akasema, "Sista, hivi nisipofanyiwa itakuwaje? Maana kuamka usiku mara tatu nimeshazoea." Nikamjibu asiwe na wasiwasi, daktari anajua.

Katika majibu yote niliyowahi kumpa mgonjwa, hilo ndilo ninalolijutia zaidi. Mzee yule alikuwa ameuliza swali lililo kiini cha jambo lote, tena aliliuliza vizuri kuliko fomu yetu inavyoliuliza. Kwa mwanaume mwenye uvimbe wa aina ile, ambaye mkojo haujamziba wala figo hazijadhurika, njia zipo angalau tatu: kuendelea kuangaliwa huku akibadilisha baadhi ya mazoea, kutumia dawa, au kupasuliwa. Upasuaji ndio unaofungua njia ya mkojo vizuri zaidi. Hata hivyo, baada ya upasuaji wa kawaida wa tezi hiyo, wanaume walio wengi hupata hali ambapo shahawa hazitoki tena nje bali hurudi kwenye kibofu. Hali hiyo haihatarishi afya, na wapo wasioijali kabisa, lakini wapo ambao kwao ni jambo zito sana. Mzee wetu aliligundua hilo mwenyewe nyumbani, akarudi kliniki na hofu kwamba kuna kitu kilikatwa kwa makosa. Faili lake lilikuwa safi. Upasuaji ulifanikiwa, kidonda kilipona, saini ilikuwapo. Hakuna mahali popote palipoandikwa kwamba mtu huyu alipewa tiba ambayo huenda asingeichagua.

Daktari aliyempasua ni mtu mwema na fundi hodari, na siku ile orodha yake ya thieta ilikuwa ndefu. Simshtaki. Ninalolilalamikia ni mpangilio ambao kila mmoja wetu ndani yake alitimiza wajibu wake, na bado swali la mgonjwa likakosa mtu wa kulijibu. Mpangilio huo hauko mikononi mwangu wala mwa daktari yule. Uko mikononi mwenu.

Jambo hili si geni kwa wataalamu. Mwaka 1973, John Wennberg na Alan Gittelsohn walichapisha katika jarida la Science uchunguzi wao kuhusu huduma za hospitali katika jimbo la Vermont nchini Marekani. Waligawa jimbo katika maeneo 13 yanayohudumiwa na hospitali tofauti, wakahesabu nani alifanyiwa nini. Upasuaji wa kuondoa mafindofindo ulikuwa kati ya 13 na 151 kwa kila watu 10,000, kutegemea tu mtu anaishi eneo gani. Watu wa maeneo hayo walifanana vya kutosha, na hakuna ugonjwa wa koo unaoweza kueleza tofauti ya zaidi ya mara kumi. Kilichotofautiana ni mazoea ya matabibu wa mahali. Wennberg na wenzake baadaye waliugeukia upasuaji wa tezi dume, wakakuta kwamba wanaume wenye dalili zilezile hutofautiana mno kwa jinsi dalili hizo zinavyowasumbua: mmoja anaamka usiku mara tatu na kulalamika, mwingine anaamka mara tatu na kurudi kulala fofofo. Kipimo hakiwezi kukuambia yupi ni yupi, ila mwenyewe akiulizwa atasema.

Naomba hapa nisieleweke vibaya, kwa kuwa kila ninapoligusia jambo hili kwenye mikutano ya wodi huwapo anayeniuliza kama nataka tujadiliane na mgonjwa anayevuja damu. Sitaki. Mtu mwenye homa ya uti wa mgongo apewe dawa mara moja, na mfupa uliochomoza nje ya ngozi hauhitaji kura. Wataalamu wanaoandika miongozo ya tiba kwa kufuata mfumo wa GRADE hutenganisha mapendekezo ya aina mbili: yale yenye nguvu, ambayo karibu kila mgonjwa mwenye taarifa kamili angeyakubali, na yale yenye masharti, ambayo wagonjwa wenye taarifa zilezile wangeweza kuchagua tofauti na wote wakawa sahihi. Ninaizungumzia aina hii ya pili, ambayo ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Tatizo ni kwamba pendekezo lenye masharti likishafika kwenye bango lililobandikwa ukutani kliniki, masharti huwa yameanguka njiani, likabaki pendekezo tu.

Chukueni saratani ya titi iliyogunduliwa mapema. Huko Milano, kati ya mwaka 1973 na 1980, wanawake 701 waligawanywa kwa bahati nasibu: kundi moja likaondolewa titi lote, jingine likaondolewa uvimbe pamoja na sehemu ya titi inayouzunguka, kisha likapewa mionzi. Matokeo ya miaka 20, yaliyochapishwa mwaka 2002, yalionyesha kwamba vifo havikutofautiana. Kilichotofautiana ni kwamba saratani ilirudi kwenye titi lilelile kwa wanawake 30 wa kundi lililobakiziwa titi, ilhali katika kundi jingine ilirudi mahali palepale kwa wanawake 8. Hapo ndipo uamuzi ulipo. Mwanamke mmoja atasema afadhali titi libaki hata kama kuna uwezekano wa kurudi thieta, na mwingine atasema hataki mionzi wala hofu ya kila uchunguzi, liondoke lote. Hakuna kitabu cha tiba kinachoweza kusema yupi kati yao amekosea. Ila akiambiwa tu kwamba "titi inabidi litoke", huyo hakuchagua chochote, hata kama alitia saini kwa hiari.

Au chukueni saratani ya tezi dume ambayo haijasambaa. Utafiti wa ProtecT nchini Uingereza uliwagawa wanaume 1,643 katika makundi matatu: kufuatiliwa kwa karibu, kupasuliwa, au kupigwa mionzi. Baada ya miaka 15 hivi, waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 45, yaani takriban 3 katika kila 100, na makundi hayakuachana kwa maana yoyote. Katika kundi la kufuatiliwa, saratani ilisambaa kwa wanaume 9 hivi katika kila 100, dhidi ya 5 hivi katika kila moja ya makundi mengine mawili. Kwa upande wa pili, upasuaji ndio ulioharibu zaidi uwezo wa kuzuia mkojo na nguvu za kiume, na mionzi ilisumbua zaidi matumbo. Ukimsomea mwanaume hesabu hizo taratibu, kwa kalamu na karatasi, hukaa kimya kidogo kisha huanza kuuliza maswali ya mtu anayefikiri. Ukimwambia tu kwamba ana saratani na nafasi ya thieta ipo Alhamisi, huuliza aje saa ngapi.

Namna ya kutaja hesabu ni sehemu ya tiba yenyewe, na hapa lawama ni yetu sote. Mwezi Oktoba 1995, mamlaka za dawa nchini Uingereza zilitoa onyo kwamba aina mpya za vidonge vya uzazi wa mpango huongeza maradufu hatari ya damu kuganda kwenye mishipa. Neno maradufu lilikuwa kweli. Hatari ilitoka kwa mwanamke 1 katika kila 7,000 ikawa wanawake 2 katika kila 7,000. Wanawake wengi waliacha dawa zao palepale, na mwaka uliofuata inakadiriwa kwamba mimba zilizotolewa Uingereza na Wales ziliongezeka kwa takriban 13,000. Mimba yenyewe, kama mnavyojua, huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge vile. Hakuna aliyedanganya, walichagua tu tarakimu inayotisha badala ya tarakimu inayoeleza.

Sisi nasi hufanya vivyo hivyo kila siku, mara nyingi kwa nia njema. Tukitaka mgonjwa akubali dawa, tunamwambia inapunguza hatari kwa nusu. Tukitaja madhara, tunasema ni mtu mmoja tu katika elfu. Faida tumeipima kwa kipimo kimoja na madhara kwa kingine, kama muuzaji mwenye mizani mbili. Natoa mfano wa kubuni: ikiwa watu 4 katika 100 wangepata kiharusi bila dawa, na 2 katika 100 wakiitumia, basi dawa imepunguza hatari kwa nusu, na wakati huohuo watu 98 katika 100 hawakupata tofauti yoyote kutokana nayo, kwa sababu 96 wasingepata kiharusi hata bila dawa na 2 wamekipata pamoja na kuitumia. Sentensi hizo mbili zinasema kitu kimoja. Mgonjwa anastahili kuzisikia zote mbili, kwa watu 100 walewale na kwa muda uleule. Hilo linaweza kuwekwa kwenye kanuni za wizara kwa mstari mmoja, wala halihitaji bajeti.

Nyenzo za kufanyia kazi hii zipo na zimepimwa. Ninasema juu ya vijitabu, video na karatasi za ukurasa mmoja zinazoweka njia za tiba bega kwa bega, zikataja faida na madhara kwa hesabu, na kumsaidia mgonjwa kupima kipi ni kizito kwake. Mapitio ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yaliyotolewa mwaka 2024 yalikusanya majaribio 209 yaliyohusisha washiriki 107,698 na maamuzi ya aina 71. Waliotumia nyenzo hizo walijua zaidi kuhusu hali yao, walikadiria hatari kwa usahihi zaidi, walifikia uamuzi unaolingana zaidi na yale wanayoyathamini, na wachache zaidi kati yao walibaki wakiamuliwa tu. Kuhusu muda, ambao ndio kilio chetu cha kwanza, nyenzo ilipotumiwa ndani ya chumba cha daktari iliongeza wastani wa dakika moja na nusu. Mgonjwa alipopewa mapema akajiandae, hapakuonekana tofauti ya maana. Dakika moja na nusu ni chini ya muda tunaoutumia kutafuta faili lililopotea.

Hata kwa jambo dogo kama kikohozi na maumivu ya sikio, faida inaonekana. Mapitio mengine ya Cochrane, ya mwaka 2015, yalionyesha kwamba pale matabibu walipofunzwa kuamua pamoja na wagonjwa wenye maambukizi ya njia ya hewa, utoaji wa antibayotiki ulishuka kutoka asilimia 47 hadi 29, na kuridhika kwa wagonjwa hakukupungua kwa sababu hiyo. Waheshimiwa mnaotumia fedha nyingi kwa kampeni za kupambana na usugu wa dawa mnaweza kulitazama hilo kwa jicho la pekee. Mzazi akielezwa kwamba sikio la mtoto mara nyingi hupona lenyewe kwa siku chache, akaelezwa pia dalili za kumrudisha haraka, mara nyingi hana haja ya kung'ang'ania chupa ya dawa. Alichokitaka ni kusikilizwa na kujua la kufanya usiku huo.

Kusikilizwa kwenyewe ni adimu. Uchunguzi wa Beckman na Frankel uliochapishwa mwaka 1984 ulirekodi ziara 74 za wagonjwa kwa madaktari: mgonjwa alikatizwa baada ya wastani wa sekunde 18, na ni wagonjwa 17 tu waliomaliza kueleza kilichowaleta. Miaka mingi imepita, nami ningependa kuamini kwamba tumebadilika. Siku moja, kwa utundu tu, nilihesabu kwa saa yangu ya mkononi wakati wa mzunguko wa wodi. Sitasema nilichokipata, ila nilirudi kwenye dawati la wauguzi nikajihesabu na mimi, nikaona haya.

Huwa tunaambiwa kwamba wagonjwa wenyewe hawataki kuamua, na kwamba wengi husema, "Wewe ndiye daktari." Ni kweli husema hivyo, na ninawaheshimu wanaosema hivyo. Lakini mara nyingi husema kabla hawajaambiwa kwamba kuna cha kuchagua. Mtu anayekabidhi uamuzi wake kwa daktari baada ya kuziona njia mbili na kuzielewa amefanya uamuzi halali. Anayeukabidhi kwa kuwa hajui upo, huyo amenyang'anywa kwa upole. Tena kumpa mgonjwa hesabu kisha kumwachia mwenyewe kwenye benchi, eti aamue kwa kuwa ni haki yake, ni utelekezaji uliovaa nguo za heshima. Uamuzi wa pamoja ni wa pamoja: mmoja analeta ujuzi wa tiba, mwingine analeta ujuzi wa maisha yake.

Swali gumu kuliko yote ni lile la mgonjwa anayesema, "Daktari, ungekuwa wewe ungefanyaje?" Wengi hulijibu papo hapo, na bila kujua huwa wamempa mgonjwa maadili yao badala ya ushahidi. Wengine hulikwepa kwa kusema hawaruhusiwi. Nilimsikia daktari mmoja kijana akilijibu kwa namna ambayo sikuwahi kuifikiria. Alivuta kiti, akaketi, akasema, "Mama, nitakwambia. Ila kwanza nielezee siku yako ikoje, tangu unapoamka mpaka unapolala, halafu nitakwambia ningefanyaje kama ningekuwa na siku kama hiyo." Mama yule alizungumza kwa dakika tatu. Alikuwa analea wajukuu wawili, na alichokiogopa zaidi hakikuwa maumivu bali kulala kitandani wiki sita bila kuwanyanyua. Hakuna kipimo cha damu ambacho kingelitoa hilo. Alipomaliza, daktari alimwambia pendekezo lake na sababu zake, kisha akamwomba aeleze kwa maneno yake mwenyewe atakavyomsimulia dada yake nyumbani. Alipokosea mahali pamoja, daktari alirekebisha maelezo yake yeye, hakumrekebisha mgonjwa.

Sheria nazo zimeanza kulitambua jambo hili. Mwaka 2015, Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kesi ya Nadine Montgomery, mama mwenye kisukari na umbo dogo, ambaye hakuambiwa kwamba kwa wanawake wenye hali yake uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama wakati wa kujifungua ulikuwa asilimia 9 hadi 10. Mabega yalikwama, na mtoto wake aliyezaliwa mwaka 1999 alipata ulemavu mkubwa. Mahakama ilisema daktari ana wajibu wa kuchukua hatua zinazofaa ili mgonjwa ajue hatari zenye uzito kwake na njia mbadala zilizopo, na uzito huo unapimwa kwa macho ya mtu aliye katika nafasi ya mgonjwa huyo. Ilisema pia kwamba wajibu huo hautimizwi kwa kumrundikia mgonjwa maelezo ya kitaalamu asiyoweza kuyaelewa, seuze kwa kumdai saini kwenye fomu ya ridhaa kama desturi. Niliposoma sehemu hiyo nilimkumbuka mzee wangu na miwani yake iliyokuwa mfukoni kwa mwanawe. Katika jimbo la Washington nchini Marekani, sheria ya mwaka 2007 ilipita njia nyingine: iliwapa kinga kubwa zaidi kisheria madaktari wanaoamua pamoja na wagonjwa kwa kutumia nyenzo zilizothibitishwa. Mimi naipenda njia hii ya pili kwa sababu inamfanya daktari aione karatasi ile kama ngao yake pia.

Sasa niseme upande usiopendeza. Ushahidi wenyewe una mapengo. Majaribio mengi ya tiba huwaacha nje wazee, wajawazito na watu wenye magonjwa matatu kwa pamoja, ambao ndio wanaojaa kwenye vitanda vyetu. Nyenzo isiyosema wazi kwamba hesabu zake zilitoka kwa watu wenye umri wa miaka 50 na ugonjwa mmoja tu, inampotosha bibi wa miaka 80. Nyenzo huchakaa pia. Utafiti mmoja mkubwa ukitoka, karatasi ya mwaka jana inaweza kugeuka uongo. Na nyenzo iliyoandikwa au kulipiwa na mwenye kuuza dawa au kifaa ni tangazo tu hata ikiwa na michoro mizuri. Tangu mwaka 2003 ipo kazi ya kimataifa iitwayo IPDAS iliyoweka vigezo vya ubora wa nyenzo hizi, vikiwamo kutaja tarehe ya ushahidi, kutaja aliyegharamia, na kuwajaribishia wagonjwa kabla ya kuzisambaza. Vigezo hivyo vipo bure. Msikubali karatasi yoyote kliniki ambayo haijavipita, hata ikiletwa na kalamu za zawadi.

Kuna pia suala la lugha, na hili sisi tunaozungumza Kiswahili tunalijua kuliko wengine. Mgonjwa huhojiwa kwa lugha moja, faili huandikwa kwa nyingine, na fomu anayotia saini huwa katika ile asiyoijua. Kutafsiri fomu iliyoandikwa na mwanasheria hakutoshi, kwa kuwa hata mwenye lugha yake hatoelewa. Nyenzo ziandikwe upya kutoka mwanzo katika lugha wanayoizungumza wagonjwa, pamoja na wagonjwa wenyewe, na wasiojua kusoma wasomewe au waonyeshwe kwa michoro ya watu 100 waliopakwa rangi tofauti. Na mtoto wa mgonjwa asifanywe mkalimani wa habari ya saratani ya mama yake.

Basi ninayoyaomba ni haya. Fomu ya ridhaa itengwe na siku ya upasuaji usio wa dharura. Itolewe kliniki, mgonjwa aende nayo nyumbani pamoja na nyenzo ya uamuzi, arudi nayo na maswali yake, na akija wodini bila mazungumzo hayo kuwa yameandikwa kwenye faili, thieta isubiri. Najua wakuu wa thieta watalalamika, nami nitakuwa wa kwanza kusikia kelele zao. Msianze na magonjwa yote, kwa maana mkianza na yote mtaishia kwenye warsha. Chagueni matano au sita ambako njia zinagawanyika waziwazi na wagonjwa ni wengi. Wanafunzi wa udaktari na uuguzi wafunzwe kuzungumza hivi mbele ya mwalimu anayewaangalia, kama wanavyoangaliwa wakishona kidonda, na wafeli wakishindwa. Muda huo ulipwe: hospitali inayolipwa kwa idadi ya upasuaji tu haitampongeza daktari ambaye mgonjwa wake, baada ya kuelewa, ameamua kurudi nyumbani na dawa. Wauguzi waruhusiwe rasmi kuyaanza mazungumzo haya na kuyarudia, kwa kuwa maswali huwa yanakuja kwetu, saa nane ya usiku, daktari akiwa hayupo.

Na mpime kwa kumuuliza mgonjwa. Wapo watakaotaka kisanduku cha kuwekewa alama ya vema kwenye faili, na mkiruhusu hivyo, baada ya miezi sita visanduku vyote vitakuwa na alama na wagonjwa watakuwa palepale. Ipo njia fupi iitwayo CollaboRATE, maswali matatu tu anayojibu mgonjwa akitoka: ni juhudi kiasi gani zilifanywa ili aelewe hali yake, asikilizwe yale anayoyajali zaidi, na yale anayoyajali yaingizwe katika kuchagua hatua inayofuata. Majibu hayo yawekwe kwenye ripoti mnayoisoma, ukurasa uleule wenye idadi ya vifo na idadi ya vitanda.

Kabla ya kuunda kamati, naomba mje wodini asubuhi moja bila taarifa, saa moja kabla thieta haijafunguliwa. Chagueni wagonjwa watano ambao fomu zao zina saini, muwarudishie miwani yao, kisha mmuulize kila mmoja ni njia gani nyingine ya tiba iliyokuwapo na kwa nini hakuichukua. Nitawatengea viti.

Wenu katika kazi,

Muuguzi wa wodi ya upasuaji